Mkoromo wa Usiku, Sonona ya Mchana

Miongoni mwa maradhi yanayoweza kumchosha mtu akili kwa miaka mingi bila yeye mwenyewe kuyashuhudia hata mara moja, ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini unastahili kutajwa mapema, kwa kuwa hutokea wakati mgonjwa hana fahamu na huacha dalili zake mchana, pale ambapo hakuna anayezihusisha na usiku. Mtu huamka amechoka kana kwamba hakulala, kichwa kinamgonga, hasira zi karibu, kazi iliyokuwa ikimfurahisha haina tena ladha, na anapofika kwa daktari hueleza hayo tu, kwa sababu ndiyo anayoyajua. Daktari mwenye foleni ndefu mlangoni husikia maelezo ya sonona, yaani ugonjwa wa akili unaomwondolea mtu furaha, nguvu na hamu ya mambo kwa majuma mfululizo, na humwandikia dawa ya sonona. Huenda hakukosea. Lakini kama hakuuliza mgonjwa wake analalaje, na hasa kama hakumuuliza anayelala naye, basi amesikia nusu ya habari.

Ugonjwa huu, ambao wataalamu huuita apnea ya usingizi, una sura mbili. Moja, iliyo nadra zaidi, ni ile ambayo ubongo huacha kwa muda kutoa amri ya kupumua, nayo huonekana zaidi kwa wenye moyo dhaifu, waliopata kiharusi, au wanaotumia dawa za maumivu za jamii ya afyuni. Nyingine, ambayo ndiyo ya wengi na ndiyo inayozungumziwa hapa, husababishwa na kuziba kwa njia ya hewa. Sehemu ya juu ya koo haina mfupa wala gegedu ya kuizunguka na kuishikilia wazi. Hutegemea misuli tu, na misuli hiyo hulegea mtu anapolala. Ulimi hurudi nyuma, kaakaa laini hushuka pamoja na kimeo, kile kinyama kinachoning’inia kooni. Kwa mtu ambaye njia hiyo ni finyu tangu awali, ama kwa sababu ya mafuta yaliyojaa shingoni, ama taya dogo lililorudi nyuma, ama mafindofindo makubwa, hewa hupita kwa shida ikizitikisa nyama hizo, na mtikisiko huo ndio mkoromo. Njia ikiziba kabisa, mkoromo hukoma.

Ukimya unaofuata ndio wa kuangaliwa. Anayemtazama aliyelala huona kifua na tumbo vikiendelea kupanda na kushuka, mara nyingine kwa kupishana, kimoja kikivutwa ndani wakati kingine kinatoka nje, ilhali puani na mdomoni hakupiti chochote. Sekunde kumi hupita, ishirini, pengine zaidi ya thelathini. Oksijeni katika damu hushuka, hewa ya ukaa hupanda, mapigo ya moyo hupungua kisha huanza kwenda mbio, na hatimaye ubongo, ukiona hatari, humzindua mtu kwa muda mfupi tu, unaotosha misuli ya koo kukaza na njia kufunguka. Hapo husikika mvuto mkubwa wa pumzi, kama wa mtu aliyeibuka kutoka majini, mgonjwa hujigeuza au hurusha mkono, kisha mkoromo huanza upya. Asubuhi hakumbuki lolote.

Kwa kipimo kinachotumika duniani kote, pumzi huhesabiwa kuwa imekatika ikisimama kwa sekunde 10 au zaidi, na ukali wa ugonjwa hupimwa kwa idadi ya mara ambazo pumzi hukatika au hupungua sana katika kila saa ya usingizi. Kuanzia mara 5 hadi 14 huitwa ugonjwa mdogo, 15 hadi 29 wa kati, na 30 kwenda juu ni mkali. Mtu wa kundi hili la mwisho, akilala saa 7, pumzi zake zimekatika au kupungua sana mara zisizopungua 210 kabla ya alfajiri. Wala wagonjwa wa apnea kwa jumla si wachache: makadirio yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kuwa watu wapatao milioni 936 duniani, wenye umri wa kati ya miaka 30 na 69, wana ugonjwa huu kwa kiwango fulani, na walio wengi hawajawahi kupimwa.

Historia ya kutambuliwa kwake inaeleza kwa nini wagonjwa walidhihakiwa kabla ya kutibiwa. Katika riwaya ya Charles Dickens iitwayo The Pickwick Papers, iliyotoka kwa mafungu mwaka 1836 na 1837, yumo kijana mnene aitwaye Joe ambaye husinzia akiwa amesimama, na wasomaji wa Uingereza walimcheka. Mwaka 1956 madaktari wa Marekani walipochapisha habari za mgonjwa mnene aliyesinzia kiasi kwamba alipitiwa na usingizi akiwa ameshika karata za ushindi mkononi, waliuita ugonjwa wake kwa jina la riwaya hiyo, wakadhani kwamba kinachomlaza ni hewa ya ukaa iliyojaa mwilini. Ni mwaka 1965 ndipo makundi mawili ya watafiti yasiyotegemeana, la Henri Gastaut na wenzake huko Marseille nchini Ufaransa na la Richard Jung na Wolfgang Kuhlo huko Freiburg nchini Ujerumani, yaliwapima wagonjwa wa aina hiyo wakiwa wamelala, yakaona jambo ambalo mtu yeyote aliyelala chumba kimoja nao angeweza kulisema: kwamba pumzi zao zilikuwa zikikatika usiku kucha. Karne nzima na zaidi mtu mwenye usingizi wa mchana alipimwa akiwa macho, na majibu yalikuwa gizani.

Tiba nayo ilikuwa ya kutisha. Kwa muda mrefu wagonjwa waliozidiwa walitobolewa tundu kooni ili hewa ipite chini ya mahali panapoziba, na tundu hilo walikaa nalo maisha yao yote. Mwaka 1980 daktari Colin Sullivan wa Sydney, Australia, alijaribu njia nyingine: alitengeneza barakoa ya kufunika pua, akaibandika kwa gundi ya silikoni ili isivuje, akaiunganisha na mota ya kufyonzea vumbi iliyogeuzwa ipulize badala ya kuvuta, na akamlaza mgonjwa. Hewa iliyosukumwa kwa nguvu ya wastani ililishikilia koo wazi kwa ndani, mkoromo ukanyamaza, na mgonjwa akaingia katika usingizi mzito ambao mwili wake ulikuwa umeunyimwa kwa miaka. Ripoti yake kuhusu wagonjwa watano ilichapishwa mwaka 1981 katika jarida la tiba la The Lancet, na mashine zinazotumika leo, ingawa ni ndogo na kimya, zinafuata kanuni ileile.

Swali linalobaki ni jinsi koo lililoziba linavyofika hadi kwenye huzuni, hofu na hasira. Njia ziko zaidi ya moja, na zinasaidiana. Usingizi wa kawaida hupita hatua kwa hatua, kutoka ule mwepesi hadi mzito, kisha ule wa ndoto, ambao macho hucheza chini ya kope na misuli ya mwili hulegea kuliko wakati mwingine wowote. Watafiti wengi wanaamini kuwa katika usingizi wa ndoto ubongo huyapitia upya mambo yaliyomgusa mtu mchana na kuyapunguzia ukali, hata lililomchoma jana likawa linavumilika leo. Na kwa kuwa ndio wakati misuli ya koo inalegea zaidi, ndio pia wakati ambapo kwa wagonjwa wengi pumzi hukatika mara nyingi zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Mgonjwa basi hunyang’anywa usingizi hasa pale ambapo moyo wake ulihitaji kutulizwa, na huamka na machungu yaleyale aliyolala nayo, usiku baada ya usiku.

Kila pumzi inapokatika, mwili huchukulia kwamba umevamiwa. Homoni za hatari, zikiwemo adrenalini, humwagwa kwenye damu, mishipa hukaza, presha hupanda, na hali hiyo ikirudiwa mamia ya mara kila usiku, mfumo wa tahadhari hauzimiki hata mchana. Ndiyo maana wagonjwa wengi hueleza wasiwasi usio na sababu, moyo kwenda mbio, na kushtuka kwa jambo dogo. Kupanda na kushuka kwa oksijeni nako huchochea mabadiliko ya kemikali ambayo hudhuru seli na kuamsha uvimbe wa ndani kwa ndani, aina ya uvimbe ambao umehusishwa pia na sonona. Watafiti wa Milan, Italia, waliochapisha kazi yao mwaka 2014, walipiga picha bongo za kundi dogo la wagonjwa wa apnea kali wakakuta nyuzi nyeupe zinazounganisha sehemu mbalimbali za ubongo zimeathirika. Baada ya miezi 12 ya kutumia mashine ya hewa, madhara hayo yalikuwa yamerudi nyuma kwa kiasi kikubwa, pamoja na kuimarika kwa kumbukumbu na hali ya kihisia. Kundi lilikuwa dogo, na tahadhari inafaa, lakini habari yenyewe inampa mgonjwa sababu ya kutumaini.

Ushahidi mzito zaidi umetoka katika jimbo la Wisconsin, Marekani, ambako wafanyakazi wa kawaida, wasiochaguliwa kwa sababu ya kuugua, wamekuwa wakilazwa na kupimwa kwa vipindi tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 2006 watafiti hao walionyesha kuwa uwezekano wa kuwa na sonona ulikuwa takriban mara 2 kwa wenye apnea ndogo, na mara 2.6 kwa wenye ile ya kati au kali, wakilinganishwa na wasio nayo, na kwamba mtu ambaye apnea yake iliongezeka kadiri miaka ilivyopita, uwezekano wa kupata sonona uliongezeka pia. Uchunguzi mwingine wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2012 na kuhusu watu wazima wa nchi nzima, ulileta jambo linalostahili kukumbukwa na kila familia: waliosemekana kukwama pumzi au kukoroma kwa kushtuka karibu kila usiku walikuwa na uwezekano wa sonona wa takriban mara 3, wanaume kwa wanawake, ilhali mkoromo mtupu, usio na pumzi kukatika, haukuhusishwa nayo. Kelele, basi, si kipimo kizuri cha hatari. Kipimo ni ule ukimya unaoikatiza.

Kuhusu tiba, madaktari wa Australia Magharibi waliripoti mwaka 2015 kwamba kati ya wagonjwa wapya waliofika kliniki ya usingizi, asilimia 73 ya waliokutwa na apnea walikuwa na dalili nzito za sonona, na miongoni mwa waliotumia mashine ipasavyo kwa miezi mitatu, waliobaki na dalili hizo walikuwa asilimia 4 tu. Takwimu hii inavutia mno, na kwa sababu hiyo inataka kusomwa kwa utulivu. Haikuwa na kundi la kulinganishia, na dodoso la sonona huuliza juu ya uchovu, usingizi na umakini, mambo ambayo apnea peke yake huyaleta. Jaribio kubwa la nchi 7 lililoitwa SAVE, la watu 2,687 waliokuwa tayari na maradhi ya moyo au mishipa ya ubongo, lilichapishwa mwaka 2016 na halikuthibitisha kuwa mashine inazuia shambulio la moyo au kiharusi, jambo lililowavunja moyo wengi. Hata hivyo lilionyesha kuwa waliopewa mashine walipungukiwa na usingizi wa mchana, na hali yao ya kihisia ikawa bora, ingawa waliitumia kwa wastani wa saa 3.3 tu kwa usiku. Kauli ya haki ni kwamba kwa baadhi ya wagonjwa apnea ndiyo mzizi wa sonona, kwa wengine ni mzigo ulioongezwa juu ya sonona yenye mizizi mingine, na kwa makundi yote mawili kuuacha usiku bila tiba ni kuifanya tiba ya mchana ichechemee.

Hapa ndipo penye mtego ambao watoa huduma za afya ya akili wanapaswa kuujua. Mgonjwa anayelalamika kuwa halali vizuri huweza kuandikiwa, au kujinunulia mwenyewe duka la dawa, vidonge vya usingizi vya jamii ya diazepamu, ambavyo hulegeza misuli, ikiwemo ya koo, na huchelewesha ule mzinduko unaomwokoa. Pombe ya usiku hufanya vivyo hivyo. Baadhi ya dawa za maradhi makali ya akili, olanzapini ikiwa mfano unaofahamika, huongeza uzito haraka, na uzito hujaa shingoni. Wale wa Wisconsin walikokotoa kwamba mtu akiongezeka uzito kwa asilimia 10, idadi ya mara pumzi inapokatika huongezeka kwa takriban asilimia 32, na akipungua kwa asilimia 10 hiyohiyo, hupungua kwa takriban asilimia 26. Hakuna anayeshauriwa kuacha dawa zake kwa kusoma makala. Kinachodaiwa ni kwamba kabla ya kumwongezea dozi mgonjwa ambaye sonona yake haisikii dawa, aulizwe juu ya pumzi zake.

Wanawake huumia zaidi kwa kutotambuliwa. Picha iliyozoeleka ya mgonjwa wa apnea ni mwanamume mnene wa makamo, na kweli wanaume ni wengi zaidi, lakini mwanamke akishakoma hedhi hatari yake hupanda, na dalili zake mara nyingi si kusinzia hadharani bali uchovu, kukosa usingizi, maumivu ya kichwa ya asubuhi na huzuni. Akifika hospitali na orodha hiyo huambiwa ni msongo wa mawazo, ni utu uzima, ni mambo ya nyumbani. Watoto nao wana sura yao: mtoto mwenye mafindofindo makubwa, anayekoroma na kulala mdomo wazi, huenda asisinzie mchana hata kidogo, bali akawa hatulii, mkorofi na asiyeshika masomo, akachapwa kwa kosa la tezi zake. Jaribio la Marekani la mwaka 2013 lililohusu watoto 464 wa miaka 5 hadi 9 liligundua kuwa kuondolewa tezi hizo hakukuongeza sana alama katika vipimo vya umakini, lakini kuliboresha tabia na maisha yao kwa jumla. Mzazi anayeitwa shuleni kila juma kwa utundu wa mwanawe angefaa kusimama kitandani pake usiku mmoja na kusikiliza.

Katika jamii za Afrika Mashariki mkoromo huhesabiwa kuwa dalili ya usingizi mtamu wa mtu aliyefanya kazi ngumu, na anayeamka akihema kana kwamba amekabwa huambiwa ni jinamizi. Mchana naye huitwa mvivu, au mwenye kisirani, na majina hayo yakirudiwa na bosi, mke na watoto, mtu huyaamini, na kujidharau huko ni lango jingine la sonona. Ndoa nayo huingia majaribuni: mwenza hukosa usingizi, huhamia chumba cha pili kama kipo, hamu ya tendo la ndoa hupungua, na kila mmoja humshuku mwenzake kwa jambo ambalo chanzo chake ni kooni. Dereva wa lori au basi la masafa marefu mwenye ugonjwa huu hubeba hatari kubwa kuliko yake mwenyewe, kwani kusinzia sekunde chache tu kwenye usukani kunatosha.

Uchunguzi kamili hufanywa kwa kumlaza mgonjwa katika maabara ya usingizi, akiwa amefungwa nyaya za kupima mawimbi ya ubongo, pumzi, moyo na oksijeni, na huduma hiyo katika nchi za ukanda huu ni adimu na ni ghali. Kipo hata hivyo kipimo chepesi cha kulala nacho nyumbani, chenye mkanda wa kifuani, mrija wa puani na kile kifaa cha kubana kidoleni ambacho wengi walikifahamu wakati wa UVIKO-19. Ikumbukwe kwamba kukibana kifaa hicho mchana, mtu akiwa macho, hakuonyeshi kitu, na kwamba utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020 ulibaini kuwa kwa watu weusi vifaa hivyo viliikosa hali ya upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi ya ilivyokuwa kwa weupe, kwa hiyo majibu mazuri kwa Mwafrika mwenye dalili zote hayapaswi kufunga mjadala. Hata bila kifaa, zahanati yoyote inaweza kuuliza maswali manane yaliyotungwa huko Toronto, Kanada: kama mtu anakoroma kwa nguvu, anachoka mchana, ameonekana akikatika pumzi, ana presha, ni mnene kupita kiasi, amevuka miaka 50, shingo yake inazidi sentimita 40, na ni mwanamume. Futi ya fundi cherehani inatosha kwa shingo.

Tiba hutegemea ukali. Kupunguza uzito, kuacha pombe ya usiku na kulala ubavu badala ya chali huwasaidia wengi wenye ugonjwa mdogo. Wapo wanaofaa kwa kifaa cha mdomoni kinachosogeza taya mbele. Na mwezi Desemba 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha tirzepatidi, dawa ya kupunguza uzito, kwa wenye apnea ya kati au kali na unene uliokithiri. Kwa ugonjwa mkali mashine ya hewa bado ndiyo tegemeo, nayo inahitaji umeme usiokatika, barakoa inayokaa vizuri na moyo wa kuvumilia majuma ya mwanzo. Bei yake ni mzigo kwa kaya nyingi, na wenye kupanga vifurushi vya bima ya afya wanapaswa kuihesabu pamoja na gharama za dawa za presha na za sonona ambazo mtu huyohuyo huzimeza kwa miaka bila nafuu.

Yeyote anayelala jirani na mtu ambaye mkoromo wake hukatwa na ukimya, kisha hushtuka akihema, asimwamshe kwa hasira wala asiishie kuhama chumba. Amrekodi kwa simu dakika chache, ahesabu sekunde za ule ukimya, na siku ya kwenda hospitali afuatane naye hadi ndani kwa daktari, kwa kuwa mgonjwa mwenyewe hana ushahidi wa kutoa.